Dozi ya Farasi Jike

Fundi Kwato aligoma kumzika mkewe.

Alifika kituoni ofisi zikiwa bado zinafagiliwa, akaketi kwenye benchi la ukutani na kofia yake mapajani. Kila aliyempita na kumuuliza shida yake alipata jibu moja: anamtaka mkubwa wa upelelezi, na bila kumwona haondoki. Inspekta alipoingia, Sajenti alimwonyesha kwa kidevu.

"Yule mzee amekataa chai, amekataa gazeti, na mimi mwenyewe amenikataa. Anasema sina nyota za kutosha."

Inspekta hakumwita ofisini. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Fundi Kwato alikuwa mzee wa mabega mapana, na weusi wa chuma na makaa ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake usitoke tena. Kazi yake ilikuwa kufua viatu vya farasi na kuwavisha. Aliifanya miaka mingi mpaka watu wakasahau jina alilopewa na baba yake, wakabaki na hilo la Fundi Kwato.

"Pole kwa msiba, Mzee," alisema Inspekta.

"Ahsante, Afande. Mke wangu ameuawa. Aliyemuua yupo kliniki ya farasi. Ni daktari wao."

"Amemuua kwa kitu gani?"

"Kwa kumnyima dawa."

Sajenti, aliyekuwa anaandika, aliinua kalamu. Watu wengi walishapita kwenye lile benchi kulalamika kwamba ndugu yao kalishwa kitu. Aliyelalamika kwamba ndugu yake kanyimwa alikuwa huyu wa kwanza.

Mzee alieleza bila kupandisha sauti. Mkewe alikuwa muuguzi wa wanyama katika kliniki hiyo. Wote walimwita Shangazi, wenye farasi, wasafisha mabanda, hata Daktari mwenyewe. Mwaka uliopita akaota tezi shingoni, kisha kwapani. Hospitali kubwa wakasema ni saratani ya tezi, lakini dawa zimekwisha, arudi mwezi ujao. Akarudi, akaambiwa mwezi ujao.

"Na pale kazini kwake kulikuwa na farasi jike anayeitwa Doa. Ugonjwa uleule, Afande. Anachomwa sindano za saratani kama mtu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimshikia kichwa. Akamwona anakonda, kisha akamwona ananenepa. Akamwambia Daktari: nitibu mimi kama unavyomtibu Doa."

"Daktari akakubali?"

"Alikataa, akakataa tena, mwisho akakubali. Akamchoma, na mke wangu akaanza kula. Akaanza kuimba jikoni. Halafu huyo bwana akasema basi, apumzike kwanza. Apumzike nini? Dawa ipo, naiona kwa macho yangu kwenye friji! Farasi apewe, mke wangu angoje. Akangoja. Kwenye kungoja huko ndiko alikofia." Aliigeuza kofia mapajani. "Maiti siichukui mpaka yule mtu awe ndani."

* * *

Daktari wa maiti alikuwa mwanamke mfupi aliyezoea kukaa na watu wasioitikia, kwa hiyo salamu zake hazikuwa ndefu. Alikunja shuka mpaka kiunoni mwa marehemu.

"Sijui huko kituoni mmepelekewa habari gani," alisema, "lakini huyu mama hakuuawa na saratani. Saratani ilikuwemo, ndiyo, ila ilikuwa inarudi nyuma. Vaa glavu uguse hapa shingoni."

Inspekta aligusa.

"Laini."

"Tezi zimenywea. Ingekuwa saratani ndiyo iliyomwondoa, hapo ungekuta kama mawe."

"Ameuawa na nini basi?"

"Na vijidudu ambavyo mimi na wewe tunaamka navyo kila siku. Vimo mdomoni, tumboni, kwenye ngozi. Kazi ya kuvizuia ni ya chembe nyeupe za damu, na huyu alikuwa amebaki bila. Angalia mdomo wake, vidonda vitupu. Dawa za saratani ndivyo zilivyo. Zinaua kila kinachokua upesi, kiwe kibaya kiwe kizuri. Baada ya kila dozi unasubiri chembe zirudi ndipo unachoma tena. Ukichoma kabla hazijarudi, homa ndogo tu inamchukua mtu."

"Mumewe anasema alinyimwa dawa."

"Alinyimwa? Alipewa asiyoweza kuibeba."

Sajenti aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Daktari wa maiti alizunguka meza, akaunyoosha mkono wa kushoto wa marehemu chini ya taa. Kulikuwa na alama ndogo za sindano zilizofuatana juu ya mshipa, kila moja imeachiana nafasi na mwenzake. Kando ya alama hizo ngozi iling'aa kidogo. Aliikwangua kwa ncha ya kisu, na utando mwembamba ukaning'inia.

"Gundi," alisema. "Sisi sindano ya mshipani tunaishikiza kwa plasta, kwa sababu binadamu ukimwambia tulia, anatulia. Anayegundisha ni yule ambaye mgonjwa wake hasikii la kuambiwa."

"Farasi."

"Umesema wewe. Lakini kazi ya mkono huo ni ya mtu aliyeisomea. Sasa njoo huku."

Mkono wa kulia ulikuwa habari nyingine. Ndani ya kiwiko palikuwa na doa pana la zambarau na kijani, na katikati yake matundu mengi yaliyokaribiana, mengine yakiwa yameingia kando kabisa ya mshipa.

"Hakuna gundi," alisema Inspekta.

"Wala utaalamu. Aliyefanya hivi alikuwa anatafuta mshipa kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani. Na damu ilivujia chini ya ngozi, maana yake hali ya damu ilikuwa mbaya tayari. Hii ni ya baadaye kuliko zote za kushoto. Wiki moja kabla ya kifo, labda na siku kadhaa. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo iliyommaliza."

"Wachomaji wawili, basi."

"Wawili. Au mmoja, na siku hiyo alikuwa amelewa chakari."

Nje, kabla hajawasha gari, Sajenti alihesabu kwa vidole. "Daktari wa farasi kalewa, moja. Au mama mwenyewe alichoka kungoja, akajichoma, mbili. Yeye ni muuguzi, funguo anazo, dawa anaijua. Anatumia mkono wa kushoto kuuchoma wa kulia, ndiyo maana akatoboa ovyo."

"Si mbaya," alisema Inspekta. "Alikuwa anatumia mkono gani?"

Sajenti alishusha vidole vyake.

"Basi tukaulize," alisema Inspekta.

* * *

Kliniki ya farasi ilikuwa jengo refu la chini lenye mabanda pande mbili na njia ya saruji katikati, iliyooshwa mpaka ikang'aa. Palinuka nyasi kavu, jasho la wanyama na dawa ya kusafishia vidonda. Vichwa virefu vilichungulia juu ya milango nusu, vikamfuata Sajenti kwa macho. Yeye alitembea katikati kabisa ya njia.

"Mnyama anayenizidi kimo," alinong'ona, "mimi naye tunaheshimiana kwa mbali."

Kwenye banda la mwisho palitundikwa kibao: SAMADI NA MKOJO WA HUYU VISISHIKWE BILA GLAVU. Ndani alisimama farasi jike wa rangi ya hudhurungi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Mwanamume mrefu aliyevaa buti za mpira alikuwa anampapasa chini ya taya. Alipowaona alivua glavu taratibu, moja baada ya nyingine. Hakuwa amenyoa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nawangoja," alisema Daktari wa farasi. "Nilimtibu mimi. Sindano zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, nilimchoma mimi. Sina leseni ya kutibu watu. Niandikeni twende."

"Haraka ya nini?" Inspekta aliegemea mlango wa banda. "Nieleze kwanza unavyomtibu huyu."

Daktari alimtazama kama mtu aliyejitayarisha kwa kofi akapewa kiti. Kisha akaeleza. Asubuhi ya matibabu Doa hutolewa damu kwanza, chembe nyeupe zikahesabiwa kwenye mashine. Zikiwa chini, sindano inaahirishwa. Zikiwa sawa, anawekewa mrija kwenye mshipa wa shingo, unagundishwa, unafungwa bandeji, na dawa inasukumwa polepole huku mtu akimshikia kichwa. Wote wanavaa glavu na makoti. Siku zinazofuata majani ya kulalia yanabebwa kwa uangalifu, kwa sababu dawa hutoka na mkojo.

"Anapona?"

"Farasi mwenye saratani ya tezi ni nadra kupona kabisa. Tunamwongezea muda, na muda huo uwe mzuri. Ale, akimbie, asiumie. Mwenye farasi huyu ni mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyemlea Doa tangu alipozaliwa. Anasema hajawa tayari kuagana na wote wawili."

"Na Shangazi ulimtibu hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kwa dozi ya mtu. Nilisoma vitabu vya watu, nikamuuliza rafiki yangu wa hospitali kwa kuzungukazunguka. Kila mara nilimpima damu kwanza."

"Ulijua ni kosa."

"Nilijua." Alikunja glavu zake. "Siku moja amemshikilia Doa kichwa hivi, akaniambia: 'Daktari, huyu akifa utalia, na mimi nikifa utalia. Lakini huyu hajakuomba kitu. Mimi nakuomba.' Ungemjibu nini, Afande?"

Inspekta aliendelea: "Kisha ukaacha."

"Chembe zake zilishuka sana. Nikamwambia tungoje zipande. Alielewa vizuri, yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha ile mashine."

"Mumewe naye alielewa?"

"Alielezwa."

"Nimeuliza kama alielewa."

Daktari alizigeuza glavu mkononi.

"Sawa. Sindano ya mwisho ulimchoma lini?"

"Wiki moja hivi kabla hajafa. Zaidi kidogo."

"Chembe zikiwa chini?"

"Nilikosea."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto, kama siku zote."

Kalamu ya Sajenti ilisimama. Inspekta hakugeuka kumtazama. Alinyoosha mkono wake juu ya mlango, na Doa akasogea kuunusa, akaacha vidole vya mgeni vipite chini ya taya. Palikuwa na manundu mawili magumu.

"Shangazi alimwambia mumewe kwamba huyu ameanza kupona. Mbona ana haya?"

"Yaliisha kabisa. Sasa yanarudi."

"Dawa imeacha kumfaa?"

"Hapana, dawa inamfaa. Ni ile dozi ya—"

Alikatisha maneno yake. Farasi wa banda la jirani alipiga kwato sakafuni mara moja.

"Ile dozi ya mwisho?" alisema Inspekta. "Ina nini?"

"Haina kitu."

"Daktari, nimeanza kukuheshimu. Usinirudishe nyuma."

Yule mwanamume aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliposema, aliitazama saruji.

"Kila baada ya sindano, chembe za Doa hushuka kidogo, kisha hupanda. Ndivyo unavyojua dawa imeingia. Safari ile hazikushuka. Zilibaki palepale, kama vile nimemchoma maji."

"Ulimchoma maji?"

"Bila kujua. Niliiandaa sindano asubuhi mimi mwenyewe, maana Shangazi alikuwa mgonjwa nyumbani. Nikaiweka kwenye friji nikisubiri majibu ya damu. Baadaye nikaitoa, nikamchoma. Dawa ile haina rangi, Afande. Na maji ya dripu hayana rangi."

"Mtu aliibadilisha."

"Inaonekana."

"Siku hiyo kulikuwa na farasi wa kuvishwa viatu?"

Daktari alifumba macho.

"Shangazi alikuwa anatumia mkono gani?" aliuliza Inspekta, taratibu zaidi.

"Wa kulia."

"Sindano ya mwisho iko kwenye mkono wa kulia. Kwa hiyo hakujichoma. Nawe hukumchoma, kwa sababu aliyemchoma hawezi kusahau alivyohangaika na ule mkono."

"Niandike mimi." Alisimama ghafla, na Doa akarudi nyuma. "Kosa ninalo tayari. Nimemtibu mtu bila leseni, nimeacha dawa mahali pa kufikiwa na mtu yeyote. Leseni yangu imekwenda. Ongeza na hilo moja, litanizidishia nini?"

"Yule mzee amekuja kukushtaki wewe. Anataka nikufunge."

"Najua. Jana alinitukana hapa mbele ya watu wote. Mwacheni."

"Kwa nini unambebea kosa lake?"

"Kwa sababu niliombwa. Homa ilipompanda alinipigia simu, nikamchukua kwa gari langu kumpeleka hospitali. Mzee alikuwa ametoka kutafuta barafu, hakuwepo. Njiani akaniambia. Alisema hakujua mpaka sindano ilipokwisha na mumewe akaiweka kando. Ndipo akaliona bomba lenyewe la sindano. Bomba la farasi ni nene kama tochi, Afande, na yeye ndiye aliyeyaosha miaka yote. Nikamuuliza, mbona hukuniita saa ileile? Akasema alidhani atavuka. Akasema, 'Na ningemwambiaje, Daktari, wakati alikuwa anafurahi vile?' Kisha akanishika mkono wa shati. 'Usimwambie. Akijua, mtazika wawili.'"

* * *

Sajenti aliendesha gari mpaka barabara kuu.

"Daktari amekiri," alisema hatimaye. "Tunaweza kuchukua maelezo yake kama yalivyo."

"Maelezo ya uongo."

"Ya uongo, ndiyo. Lakini hayamuumizi mtu ila mwenyewe, na mwenyewe ameridhia." Alibadilisha gia. "Mimi si mtu wa kusema hivi, unanijua. Ila yule mzee..."

"Ripoti ya maiti inataja mkono wa kulia," alisema Inspekta. "Itasomwa mahakamani, mbele ya watu, mbele yake. Atakuwa ameketi pale akisikia mkono wa kulia, matundu mengi, bila gundi. Watu ukumbini hawataelewa, ila yeye atajua maana yake. Unataka ajulie hapo?"

Sajenti aliongeza mwendo.

Fundi Kwato alikuwa ameshawishiwa na majirani arudi nyumbani. Walimkuta kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, tanuru limezimwa, viatu vya chuma vimetundikwa ukutani kwa ukubwa wao, na yeye ameketi kwenye kigoda bila kazi mikononi. Alipowaona aliwafutia benchi kwa kiganja.

"Mmemkamata?"

"Bado, Mzee. Nina swali moja lililobaki, na nataka ulijibu kwa hiari yako. Unaruhusiwa kutolijibu. Unaruhusiwa pia kumwita wakili kwanza."

"Mimi wa kuogopa swali?"

"Daktari alipoacha kumtibu Shangazi, wewe ulifanya nini?"

Mzee alimtazama Sajenti, akaitazama kalamu.

"Ataandika?"

"Ataandika."

"Aandike basi. Sioni aibu." Aliweka mikono yake mipana magotini. "Nilikwenda kuvisha farasi viatu siku ya dawa ya Doa. Friji naijua, niliketi kando yake kila mara mke wangu alipochomwa. Nikachukua ile sindano, nikaweka nyingine yenye maji. Kwa yule mnyama nikasema samahani, Mungu anajua, nilisema kwa mdomo. Nikaja nayo hapa nimeifunga kwenye shati."

"Ulimchoma wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono hii. Nimepigilia misumari kwenye kwato maisha yangu yote na sijamtoa damu farasi hata mmoja, lakini mshipa wa mke wangu ulinitoa jasho. Kitanda chetu kimeegemea ukuta, mkono wa kulia ndio ulionijia. Nikakosa, nikakosa tena. Yeye anaisikia sindano inavyokosa, ananielekeza kama anavyowaelekeza wanafunzi wake: 'Siyo hapo, juu kidogo, usiogope.' Amefumba macho huku anatabasamu."

"Ulimwambia dawa imetoka wapi?"

"Nilimwambia Daktari ameituma. Ningesema nimeichukua asingekubali. Alimpenda yule farasi kama mtoto wa kumzaa."

"Ulimpa kiasi gani?"

"Yote." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetimiza ahadi. "Nilisema safari hii hapunjwi. Kama Doa, hivyo hivyo. Angepewa mapema kama nilivyotaka, angekuwa hai. Ila ilikuwa imechelewa, na aliyechelewesha mnamjua."

Sajenti alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya benchi.

"Mzee wangu, nisikilize vizuri, kwa sababu nitasema mara moja. Daktari hakumnyima dawa. Dawa ile inaua ugonjwa na inaua pia kinga ya damu. Kinga ya Shangazi ilikuwa imeshuka, ndiyo maana akaambiwa angoje ipande. Dozi uliyompa ilikuwa ya farasi. Na ilimkuta hana kinga."

"Doa alichomwa hiyohiyo, akasimama, akala majani. Nilimwona."

"Doa ni mnyama mkubwa, Mzee."

"Mkubwa," alirudia Fundi Kwato. Aliinua uso kuvitazama viatu vya chuma ukutani, vikubwa na vidogo. Maisha yake yote alikuwa akipima kwato kabla ya kukata chuma.

"Hapana," alisema. "Alikuwa anaumwa. Alikuwa anaumwa saratani."

"Saratani ilikuwa inarudi nyuma. Nimeigusa shingo yake leo. Daktari alikuwa anaiweza."

Nje mama mmoja alipita akimwita mwanawe, sauti yake ikaingia na kutoka. Mzee alisubiri ipite, kama vile angeweza kusikia maneno mengine badala ya yale aliyoambiwa.

"Daktari anajua kwamba ni mimi?"

"Anajua."

"Jana nimemwita muuaji. Nimemtemea mate buti zake. Mbona hakunijibu?"

"Aliombwa asikujibu."

"Na nani?"

Inspekta alimsogelea.

"Na mkeo. Aliliona lile bomba ulipoliweka kando. Alilitambua."

Fundi Kwato alianza kuusugua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, juu ya kifundo, polepole, akirudia mahali palepale.

"Alinishika hapa," alisema. "Nilipomaliza. Nilikuwa natetemeka, akanishika hapa mpaka nikatulia. Kisha akasema ahsante, mume wangu. Akanivuta niketi naye. Hakuniacha nikaoshe hata lile bomba." Aliinua macho. "Mwanangu, mimi nilidhani ananishukuru kwa dawa."

Sajenti alifunga kalamu yake, akatoka akasimama mlangoni kuwazuia watu wasiingie. Inspekta alihama kutoka kwenye benchi, akaketi sakafuni karibu na kigoda cha mzee, wakakaa.